MSHAHARA NDIO BEI PEKEE ILIYOSHIKWA



Wakati wa kufanya mapatano mapya ya mishahara umekaribia, na maneno yale ya zamani yameanza kusikika tena viwandani na maofisini. Matajiri wanasema ya kwamba bei za vitu hupanda kwa sababu mishahara hupanda, kwa hivyo mfanya kazi mwenye kuipenda nchi yake sharti avumilie kidogo mpaka bei zitulie. Hayo si ajabu, kwa maana tajiri hutetea mfuko wake kama sisi tunavyotetea wetu. Ajabu ni kwamba baadhi ya wenzetu wamekwisha anza kuyarudia maneno hayo hayo, na wako wanaosema afadhali tutie sahihi upesi, kwa asilimia yo yote tutakayopewa, kwa muda wa miaka miwili, tupate kupumzika.

Mimi nasema tusitie sahihi namna hiyo. Kabla ya kutia sahihi mapatano yo yote ya miaka miwili, hapana budi kiwepo ndani yake kifungu kinachofunga mshahara na bei za vitu, ili bei zikipita kiasi fulani mshahara uongezwe papo hapo, bila kungoja mwisho wa mapatano. Sababu zangu ziko katika mambo yaliyokwisha tendeka hapa Kenya, wakati Serikali iliposhika mishahara na bei pamoja. Jambo hilo lilidumu zaidi ya miaka ishirini, na vijana wengi tulio nao kazini walikuwa hawajazaliwa.

Tuanze na mwaka 1964, miezi michache baada ya Uhuru. Vyama vya wafanya kazi vilitia sahihi Mapatano ya Pande Tatu pamoja na Serikali na waajiri. Waajiri wa kampuni walikubali kuongeza watu kazini 10 katika kila 100, na Serikali 15 katika kila 100. Sisi kwa upande wetu tulikubali kutodai nyongeza ya mishahara wala kugoma kwa muda wa mwaka mmoja. Sasa angalia tofauti ya ahadi hizo mbili. Ahadi yetu ilikuwa rahisi kukaguliwa: mshahara ukiongezwa, huonekana kwenye karatasi ya malipo, na watu wakigoma, mashine husimama na mji mzima hujua. Lakini ahadi ya waajiri ilikuwa ngumu, kwa sababu mtu akiandikwa mwezi wa Machi, na mwingine aliyeacha kazi mwezi wa Juni asitafutiwe wa kushika mahali pake, hesabu hurudi pale pale wala hakuna aliyevunja neno. Mapatano ya namna hiyo yalirudiwa mwaka 1970 na tena mwaka 1979.

Lakini mambo mazito yalikuja mwaka 1973. Waziri wa Fedha wakati ule alikuwa Bw. Mwai Kibaki, na Wizara yake ilitoa Miongozo ya Mishahara ili Mahakama ya Viwanda iifuate. Mahakama hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1964, na rais wake wa kwanza alikuwa Bw. Saeed Cockar. Kazi yake haikuwa kuamua ugomvi peke yake. Mapatano yote ya mishahara kati ya chama na mwajiri yalipelekwa huko kuandikishwa, na mapatano yasiyoandikishwa hayakuwa na nguvu ya sheria. Kwa hivyo hata kama tajiri mwenyewe amekubali, ameona faida yake ni nzuri na anataka kuongeza watu wake mshahara, na mkono wa chama na mkono wa tajiri umewekwa kwenye karatasi, Mahakama iliweza kusema hapana, mmezidisha kiasi cha Miongozo, rudini mkapunguze.

Katika mwaka huo huo wa 1973, mwezi wa Oktoba, nchi zinazotoa mafuta zilianza kupandisha bei. Pipa lililokuwa likiuzwa kama dola 3 lilifika karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Bei za vitu hapa Kenya zilipanda kwa kiasi cha asilimia 18 katika mwaka 1974, na asilimia 19 hivi katika mwaka 1975. Shilingi yetu nayo ikapunguzwa thamani mwezi wa Oktoba 1975, na kila kitu kitokacho ng'ambo kikawa ghali zaidi. Nauliza: je, katika hayo yote mshahara wa mpakuzi wa bandarini au wa mfagiaji wa hospitali ulifanya kosa gani? Yeye hakuchimba mafuta, hakuyauza, wala hakukaa katika mkutano wa kupunguza thamani ya shilingi. Lakini yeye ndiye aliyeambiwa avumilie.

Mtasema, lakini bei nazo zilishikwa. Ni kweli, zilishikwa. Sheria ya Kudhibiti Bei ilikuwapo tangu mwaka 1956, ilitungwa na serikali ya kikoloni, na Serikali ya Uhuru ikairithi na kuitumia sana. Palikuwa na Mdhibiti wa Bei, na palikuwa na vitu vilivyowekewa bei ya juu kabisa, kama unga wa mahindi, sukari, mkate na maziwa, ambavyo mwenye duka hakuruhusiwa kuvipitisha hata senti moja. Na vitu vingine havikuwekewa bei bali viliwekewa kiasi cha faida, yaani mfanya biashara alipewa ruhusa ya kuongeza sehemu fulani juu ya gharama zake.

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka kila mwanachama alishike vizuri. Mishahara ilikuwa na mlango mmoja tu, nao ni Mahakama ya Viwanda. Kila senti tuliyopata ilipita pale, ikapimwa, ikaandikwa. Bei zilikuwa na milango elfu nyingi: kila duka, kila soko, kila kibanda, kila gari la mizigo. Mkaguzi wa bei hawezi kusimama katika kila duka la kijijini, na akija leo hatakuja kesho. Tena yule mwenye kiwanda alipotaka bei ya juu zaidi alipeleka hesabu za gharama zake, akaonyesha mafuta yamepanda, makopo yamepanda, dawa za kutoka ng'ambo zimepanda, akajadiliana na wakubwa. Sisi hatukuwa na mahali pa kupeleka hesabu za nyumbani kwetu na kusema, tazama, kodi ya chumba imepanda, ada ya shule imepanda, tafadhali tupe bei mpya ya kazi yetu.

Wazee wetu wanakumbuka miaka ya uhaba, kama 1980 na 1984, ile ya ukame iliyotuletea unga wa njano. Bei ya unga ilikuwa imeandikwa ukutani, tena nzuri kabisa, lakini unga wenyewe haukuwapo. Ama mwenye duka alikuwa nao nyuma, akakuambia sukari ipo ukinunua na majani ya chai na vibiriti ambavyo huvihitaji. Bei ya serikali ilishikwa kwenye karatasi, na mama wa nyumbani alilipa bei nyingine. Na takwimu za kuhesabia gharama za maisha zikitegemea bei iliyoandikwa ukutani, mfanya kazi hupunjwa mara ya pili.

Nisimlaumu mwenye duka peke yake. Bei ikiwekwa chini ya gharama ya kusaga, msagaji huacha kusaga, na hiyo si njama, ni hesabu. Ndiyo sababu mimi siwaombi mdai turudishiwe Mdhibiti wa Bei. Wako wanaotaka, na Bunge lilipitisha sheria nyingine mwaka 2011 ya kumpa Waziri nguvu ya kuweka bei za juu kwa vitu vya lazima. Mwezi wa Julai 2022 Serikali ilitangaza pakiti ya unga ya kilo 2 iuzwe Shs. 100/-, nayo ilikuwa ikiuzwa zaidi ya Shs. 200/-. Kila mmoja wetu anajua jinsi unga ule ulivyopatikana kwa shida, na jinsi mambo yalivyokuwa uchaguzi ulipokwisha. Tangazo la bei hutoa furaha ya majuma machache tu.

Turudi kwenye Miongozo ya Mishahara. Kwa muda mrefu kiasi kilichoruhusiwa cha kufidia kupanda kwa gharama za maisha kilikuwa robo tatu yake tu. Yaani bei zikipanda kwa shilingi 4, mshahara uliruhusiwa kupanda kwa shilingi 3. Neno robo tatu ni tamu masikioni, mtu husikia kama amepewa karibu yote. Kwa hivyo natoa mfano, na si wa mtu fulani, ni wa hesabu tu.

Tuseme mtu anapata Shs. 400/- kwa mwezi. Katika miaka miwili ya mapatano bei zinapanda kwa 20 katika 100. Ili awe pale alipokuwa anahitaji Shs. 480/-. Kwa robo tatu anapewa Shs. 460/-. Amepungukiwa na Shs. 20/-, na kweli anaweza kuvumilia. Miaka miwili mingine bei zinapanda vile vile. Sasa anahitaji Shs. 576/-, lakini anapewa Shs. 529/-. Amepungukiwa na Shs. 47/-. Miaka miwili mingine tena: anahitaji Shs. 691/-, anapewa Shs. 608/-. Pengo limekuwa Shs. 83/-. Kwa miaka sita, na nyongeza tatu alizozisherehekea, mshahara wake umepunguzwa kwa 12 katika kila 100, wala hakuna barua aliyoandikiwa kuambiwa kwamba mshahara wake umepunguzwa. Angeandikiwa barua hiyo angegoma siku hiyo hiyo.

Na hesabu hiyo bado imemhurumia tajiri, kwa maana nimechukulia kana kwamba bei zilisimama zikangoja mwisho wa miaka miwili ndipo zikapanda kwa siku moja. Bei hupanda mwezi kwa mwezi. Yule mtu wa Shs. 400/- amekula hasara ya mwezi wa tatu, na ya mwezi wa kumi, na ya mwezi wa ishirini, kabla hajaletewa ile robo tatu. Hasara hiyo ya katikati hairudishwi na mtu.

Palikuwa na hoja moja upande wa Serikali ambayo haifai tuidharau, na vyama vingine viliidharau vikashindwa kujibu. Hoja ilikuwa kwamba mfanya kazi wa mjini ana mshahara mzuri kuliko mkulima wa mashambani, na kila nyongeza ya mjini huwafanya watu waache mashamba waje kutafuta kazi ambazo hazipo. Mambo hayo yalizungumzwa sana baada ya ujumbe wa Shirika la Kazi la Dunia kuja hapa mwaka 1972, na Serikali ikatoa Waraka wa Bunge Na. 10 wa 1973 juu ya kazi. Ni kweli wako wakulima maskini kuliko sisi. Lakini mtu awaulize wakulima hao ada ya shule hutoka wapi, na mabati ya nyumba, na dawa za bibi mzee. Nyingi hutoka katika mshahara wa mjini, zamani zikitumwa kwa hawala ya posta, siku hizi kwa simu. Kumnyima wa mjini robo moja ya gharama zake hakukumpa mkulima robo hiyo. Robo hiyo ilibaki kwa mwenye kiwanda. Kama ingalitozwa ikapelekwa kuongeza bei ya mahindi ya mkulima, mimi mwenyewe ningalinyamaza.

Tena tazameni milango ilipofunguliwa, ulifunguliwa upi kwanza. Tangu katikati ya miaka ya 1980 Serikali ilianza kutoa vitu kimoja kimoja katika orodha ya bei zilizoshikwa. Unga wa mahindi uliachiliwa mwishoni mwa 1993, na petroli mwezi wa Oktoba 1994. Miongozo ya Mishahara ililegezwa mwezi wa Julai 1994, ndipo vyama vikaweza kudai fidia kamili ya gharama za maisha. Kwa hivyo kwa miaka karibu kumi, bei nyingi zilikuwa huru na mshahara ulikuwa bado umefungwa. Na miaka hiyo haikuwa ya utulivu. Mwaka 1993, baada ya uchaguzi na baada ya fedha nyingi kumwagwa nchini na ile hila ya Goldenberg, bei zilipanda kwa kiasi cha asilimia 46 kwa mwaka mmoja. Arobaini na sita! Aliyekuwa ametia sahihi mapatano ya miaka miwili mwaka 1992, bila kifungu cha bei, alikuwa anafanya kazi nusu bure kabla mapatano hayajakwisha.

Kenya haikuwa peke yake katika jambo hili. Kule Marekani, Rais Richard Nixon alizuia bei na mishahara yote tarehe 15 Agosti 1971 kwa siku 90, kisha ikawekwa bodi ya mishahara iliyoruhusu asilimia 5.5 kwa mwaka. Wajumbe wa wafanya kazi walikaa katika bodi hiyo, lakini mwezi wa Machi 1972 Bw. George Meany na wengi wa wenzake walitoka, kwa kuwa waliona mishahara inabanwa na bei zinakwenda. Kule Uingereza serikali ya Bw. Edward Heath ilifanya vivyo hivyo mwezi wa Novemba 1972. Lakini Waingereza walitia jambo moja ambalo mimi nalipenda. Katika hatua ya tatu ya mpango wao, mwaka 1973, waliruhusu kifungu ya kwamba bei zikipanda zaidi ya asilimia 7, basi kila asilimia moja inayozidi humpa mfanya kazi pensi 40 kwa juma. Bei za mafuta zilipopanda, kifungu hicho kilifanya kazi mara kumi na moja katika mwaka 1974.

Wataalamu wengi wa fedha wamekilaumu kifungu hicho tangu siku ile, wanasema kiliongeza moto. Labda kiliongeza. Lakini moto ulikuwa umewashwa na pipa la mafuta. Na tazama uzuri wake: nyongeza ilikuwa ya pensi zilizo sawa kwa wote, si ya asilimia, kwa hivyo mwenye mshahara mdogo alisaidiwa zaidi kuliko meneja. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Sasa tuje kwenye siku zetu. Mtasema Miongozo ile ya kufunga imekwisha, Mahakama ya Viwanda yenyewe sasa ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na tuko huru kupatana. Tuko huru, lakini bado tunangoja, na wenzetu wote hawangoji. Tangu Desemba 2010 bei ya petroli, dizeli na mafuta ya taa hupangwa kwa hesabu maalum kila mwezi. Tarehe 14 hutangazwa, na saa sita za usiku huanza kutumika. Mafuta yakipanda huko nje, au dola ikipanda, kampuni ya mafuta haiambiwi ivumilie mpaka mapatano yaishe. Chukua bili ya umeme au ule ujumbe wa tokeni uusome mstari kwa mstari: utaona mahali pa gharama ya mafuta, mahali pa fedha za kigeni, na mahali pengine palipoandikwa waziwazi kwamba ni kwa ajili ya kupanda kwa bei. Yaani umeme una kifungu kile kile ninachowaombea ninyi. Mwenye kuuza umeme analindwa bei zisimle, na mwenye kuuza jasho lake anaambiwa angoje. Wenye matatu hawana kifungu cho chote, lakini wao hupandisha nauli asubuhi ile ile na abiria hulipa.

Linganisheni na mshahara wa chini unaowekwa na Serikali. Kibarua wa kawaida wa Nairobi aliwekewa Shs. 13,572.90 kwa mwezi tangu Mei 2018, bila posho ya nyumba. Kiwango hicho hakikuguswa mwaka 2019, wala 2020, wala 2021. Mei 2022 kiliongezwa kwa asilimia 12 kikawa Shs. 15,201.65. Mwaka 2023 hapakuwa na kitu. Siku ya Wafanya Kazi ya 2024 ilitangazwa asilimia 6, nayo ikaanza kutumika kwa sheria tarehe 1 Novemba 2024, ikawa Shs. 16,113.75. Bei zilipanda kwa kiasi cha asilimia 7.7 katika mwaka 2022 na kiasi hicho hicho katika 2023. Hiyo 6 iliyongojwa miaka miwili na nusu haikufikia hata kupanda kwa mwaka mmoja. Na katika muda ule ule, makato yaliongezwa: michango mipya ya NSSF tangu Februari 2023, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, na bima ya afya ya asilimia 2.75 tangu Oktoba 2024. Makato hayo hayakungoja mapatano.

Nijibu sasa hoja ya tajiri ya kwamba mshahara ukipanda bei hupanda, na bei zikipanda mshahara hupanda, tukazunguka bila mwisho kama ng'ombe wa kinu cha mafuta. Tuseme katika kila Shs. 100/- za kutengeneza kitu, mishahara ni Shs. 15/-, na zilizobaki ni mali ghafi, umeme, mitambo, usafiri na kodi. Mishahara ikipanda kwa asilimia 10, gharama ya kitu hicho imepanda kwa shilingi moja na nusu. Akipandisha bei kwa shilingi 10, hizo nane na nusu si zetu, na aache kutaja jina letu. Lakini kweli ziko kazi ambazo mshahara ndio gharama kubwa, kama ulinzi na kuchuma majani ya chai kwa mkono. Huko nyongeza ya asilimia 10 ni mzigo kweli. Wenzetu wa kazi hizo wasiige tu madai ya kiwanda cha saruji, wadai hesabu za kampuni kwanza, wazione.

Kwa hivyo kifungu kiweje? Wanakamati watakaa na kuandika, lakini mimi napendekeza hivi. Mapatano yaendelee kuwa ya miaka miwili, kwa maana kupatana kila mwaka kunachosha na kunakula fedha za chama. Nyongeza ya kwanza itolewe kama kawaida. Kisha kiandikwe ya kwamba takwimu za bei zinazotolewa na Shirika la Kitaifa la Takwimu kila mwezi ndizo kipimo, ili pasiwe na ubishi wa nani amehesabu. Jumla ya kupanda tangu siku ya sahihi ikipita asilimia 5, nyongeza itolewe mwezi unaofuata, na tena kila inapopita asilimia nyingine mbili. Na nyongeza hiyo iwe ya shilingi zilizo sawa kwa wote, kama zile pensi 40 za Waingereza, kwa sababu unga haumuulizi mtu cheo chake. Najua mafundi na makarani wakubwa hawatapenda jambo hili la mwisho. Watasema tofauti ya ujuzi inapotea. Tofauti hiyo waidai katika ile nyongeza ya kwanza na katika kupandishwa vyeo, si katika fidia ya njaa.

Tajiri atasema mambo mawili. Kwanza atasema hawezi kupanga bajeti yake kama hajui mshahara wa mwaka ujao. Aulizwe anawezaje kupanga hali hajui bei ya dizeli ya mwezi ujao. Pili atasema, na bei zikishuka je, mtarudisha? Jibu hilo muwe nalo tayari, kwa maana limewashinda wengi mezani. Bei kwa jumla hapa Kenya hazishuki. Husimama, au hupanda polepole. Mwaka 1995, baada ya moto wote ule, zilipanda kwa asilimia 1 na nusu hivi, lakini hazikurudi nyuma. Kwa hivyo mwambieni tuko tayari kuandika ya kwamba takwimu zikirudi nyuma, nyongeza inayofuata itapunguzwa kwa kadiri hiyo. Hatupotezi kitu.

Na ikiwa kampuni ni dhaifu kweli, na ziko, basi ifungue vitabu vyake mbele ya wajumbe wetu, na tukiona ni kweli tutapatana muda wa kuahirisha. Hatutaki kuua ng'ombe tunayemkamua. Lakini kampuni isiyotaka kufungua vitabu isituletee kilio.

Shauri likishindikana litakwenda mahakamani, na huko bado hutazamwa ripoti ya wataalamu wa Wizara ya Kazi juu ya gharama za maisha na uwezo wa mwajiri. Katika miaka ya nyuma vyama vingi vilifika mbele ya jaji na hasira tu, bila karatasi, na mwajiri alifika na mhasibu. Kwa ajili hiyo naomba wajumbe wa kila idara waanze mwezi huu kuandika bei katika duka lile lile, siku ile ile ya kila mwezi, na kuweka stakabadhi. Waandike kwanza unga, sukari, mafuta ya kupikia, makaa au gesi, nauli ya kwenda na kurudi kazini, na kodi ya chumba kimoja katika mtaa wanaokaa wafanya kazi wetu. Karatasi za kuandikia ziko kwa katibu wa tawi, na zirudishwe kwake kabla ya mkutano wa kuchagua wapatanishi.